Shina la Katikati

Mama yangu hanunui mbegu ya viazi kwa kuambiwa. Kwetu Dundori kila muuza mbegu ana mdomo, na kila mdomo hutaja magunia ambayo hakuna jirani aliyeyaona. Mama huuliza jambo moja tu: nani aliipanda msimu uliopita? Akishatajiwa mtu, anachukua jembe, anakwenda kwa huyo mtu, anaomba ruhusa, anaingia shambani na kung'oa shina moja. Hachagui la kando ya njia, kwa maana la kando hupaliliwa kwa ajili ya macho ya wapita njia. Hachagui la karibu na zizi, ambako samadi humwagika yenyewe. Anakwenda katikati kabisa, anang'oa, anachuchumaa na kuhesabu viazi kwa sauti, mwenye shamba akisikia. Na huanza na vibovu. Ukianza na vizuri, asema, macho hushiba na vibovu huvioni tena.

Sina ugomvi na njia hiyo, kwa viazi. Ugomvi wangu ulianza mwaka niliomaliza kidato cha nne, mama alipoamua kuitumia kunitafutia chuo cha sheria.

Nilitaka sheria kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa akiuza karoti kando ya barabara kuu. Tulisali naye kanisa moja. Lori lilikosa breki likamvunja mguu, na kesi yake ya fidia ikaanza kuzunguka kortini Nakuru. Likizo moja, nikiwa kidato cha pili, aliniomba nimsindikize nimsomee makaratasi, kwa sababu wakili wake alikuwa ameacha kupokea simu. Tulifika saa mbili. Jina lake likaitwa saa tano na nusu. Wakili wa mwenye lori akasimama, akasema hajajiandaa, ikatolewa tarehe nyingine, akaketi. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya karoti moja. Yule mama akanigeukia na kuniuliza, "Wamesema aje?"

Nikamwambia wamesema arudi Novemba.

"Haya," akasema, akajifunga shuka yake vizuri, akashika mkongojo. "Tutarudi."

Nilikasirika siku hiyo, na niseme ukweli, hasira yenyewe haijaisha hadi leo. Nikaamua nitakuwa wakili wa watu wanaoambiwa warudi Novemba. Lakini sikulieleza hilo nyumbani kwa ukamilifu. Nilisema tu "sheria", na watu wa kwetu ukiwaambia sheria wao husikia pesa.

Matokeo yalipotoka nikawa na nafasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa ya serikali, katika chuo cha umma mbali na kwetu, ambacho kwa mkopo wa wanafunzi na viazi vya mama tungeweza kukimudu tukijibana. Ya pili niliiomba kimyakimya kule saiba, kwenye duka la kompyuta: chuo cha kibinafsi Nairobi, jengo la vioo, kijitabu chenye picha za wanafunzi wanaocheka juu ya vitabu vinene. Karo yake ingemaliza viazi vyetu, ng'ombe wetu na shamba lenyewe.

Hapo ndipo akaingia baba mdogo. Ndugu ya baba ana malori manne na loji moja pale Salgaa, na akija kwetu huegesha gari katikati ya lango ili asiyeliona agongane nalo. Alikuja Jumapili, akaketi kwenye kiti cha baba, akakisoma kile kijitabu kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtu anayenunua gari.

"Hapa ndio pahali," akasema. "Mimi nitalipa yote. Fuata nyuki ule asali, wakili wangu."

"Hiyo ni kweli," akasema baba.

"Na ile ya serikali?" mama akauliza. "Si imetoka kwa jina lake?"

"Shemeji, huko wanagoma kila saa. Mtoto atazeeka akiwa second year."

"Pia hiyo ni kweli," akasema baba.

Lazima nieleze kuhusu baba. Ni mtu mzuri sana, lakini hukubaliana na yule aliyezungumza mwisho. Ukitaka akuunge mkono, hakikisha kila mtu mwingine amenyamaza. Mama alimtazama, akamwaga chai iliyobaki kikombeni mwake, akasema, "Basi tutaenda kuangalia kwanza. Vyuo vyote viwili."

Nilijua alichomaanisha. Nikamsihi. Nilimwambia chuo si shamba, kina ofisi ya kutoa habari, kina tovuti, kina nambari ya simu. Akaniuliza kama muuza mbegu naye hana simu.

Tukaenda Nairobi. Jembe hakubeba, nashukuru Mungu kwa hilo, lakini alivaa sweta ya kwaya na viatu vya mvua, na anga lilikuwa jeupe. Ofisi ya usajili ilikuwa na kapeti. Kijana aliyetupokea alikuwa na tai nyembamba na heshima nyingi, akamwita mama "mathe", akamwonyesha picha za waliomaliza: huyu yuko kampuni kubwa ya mawakili, huyu alikwenda kusoma ng'ambo, huyu ameshinda tuzo. Mama alizitazama picha zote kwa makini.

"Hawa ni wa kando ya njia," akasema. "Nionyeshe wa katikati."

"Pardon, mathe?"

"Mwanafunzi wa katikati. Si huyu wa kwanza, si wa mwisho. Yule hapana mtu anapiga picha. Alimaliza, sasa ako wapi?"

Nilitamani kapeti lile lifunguke linimeze. Kijana akacheka, akamwambia kwamba wanafunzi wao wote ni wa juu.

"Shamba yote?" mama akauliza. "Hakuna katikati?"

Kijana akasema atatutumia barua pepe. Mama akamshukuru, akamwombea baraka, akaniongoza nje ya lango hadi kwenye kibanda cha chai, ambako niliketi nikiwa na uso wa moto huku yeye akimhoji mwenye kibanda kama mtu wa upelelezi. Wale wanaomaliza hapa huenda wapi? Mwenye kibanda akafuta mikono yake kwenye aproni. Wa juu huchukuliwa na ofisi za mjini, akasema. Wa chini yeye hawaoni tena. Kisha akaelekeza kidevu kwa msichana aliyesimama pembeni akinywa chai haraka, suti ya kijivu, viatu vya kisigino vimechakaa upande.

"Huyo alimaliza mwaka jana. Amekuja kuchukua cheti yake. Msichana mpole, wa wastani tu."

Mama hakungoja la pili. Akamsalimia, akamwambia wazi kwamba ana mtoto anayetaka kuingia hapo, na angependa kuambiwa mabaya kwanza. Yule msichana akanitazama, akatazama viatu vya mvua vya mama, na sijui ni kwa nini hakukasirika. Akasema anafanya kazi katika kampuni inayowafuata watu waliokopa kwa simu. Huwaandikia barua za vitisho, nyingine kwa watu wa mtaa wao.

"Ndio ulikuja kusomea hiyo?" mama akauliza.

"Hapana, mum. Mimi nimetoka Naivasha. Mathe yangu alikuwa anafanya kazi kwa shamba la maua. Nilikuja nikitaka kutetea hao watu."

"Sasa?"

"Sasa nina loan. Nikimaliza kuilipa, nitarudi."

"Utamaliza lini?"

Akatazama simu yake, akasema amechelewa. Mama akamlipia chai.

Mimi nilimdharau yule msichana. Naandika hili kwa aibu. Nilimwona mtu aliyeshindwa, asiye na msimamo, nikajiambia kwamba mimi nisingekuwa hivyo hata kidogo, kwa sababu mimi sikuwa na mkopo, nilikuwa na baba mdogo.

Juma lililofuata tukaenda kwenye kile chuo cha umma. Tulisafiri tangu alfajiri, tukafika, tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Wahadhiri walikuwa wamegoma. Nilikaa juu ya jiwe nikacheka kicheko kibaya. Baba mdogo alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimepanda magari matatu kuja kuthibitisha.

Mama alisimama akazungumza na bawabu kana kwamba wamezaliwa kijiji kimoja. Baada ya muda bawabu akatoa simu, akampigia mtu, na kijana mmoja akatokea akiwa amevaa malapa, kalamu nyuma ya sikio. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sheria. Hakurudi kwao wakati wa mgomo kwa sababu yeye na wenzake walikuwa na meza kwenye kambi ya chifu, yaani ofisi zake, kila siku ya soko, wakiwasaidia watu kuandika barua za madai na kujua haki zao, chini ya mwalimu wao mmoja. Mwalimu aligoma darasani, lakini siku ya soko hakugoma.

"Wewe ni wa ngapi kwa darasa?" mama akauliza.

"Mama, nisikudanganye, mimi ni mtu wa katikati."

Uso wa mama ukang'aa kama wa mtu aliyekuta mzigo wake uliopotea.

Na kijana yule, bila kuombwa, akaanza na mabovu. Migomo ilikuwa imemla mwaka mzima. Vitabu vya maktaba vilikuwa vya sheria zilizokwisha kubadilishwa. Paa la bweni lilivuja juu ya kitanda chake hasa. Wahadhiri wawili hufundisha kutoka kwenye karatasi zilizogeuka njano kwa uzee. Kila jambo alilotaja, mama alikunja kidole. Kisha kijana akasema jambo ambalo hakuna kijitabu kilichokuwa kimetuambia.

"Halafu mkimaliza hapa ama pale kwa chuo cha kibinafsi, wote mnaenda shule moja Nairobi ya kufunzwa uwakili. Hakuna kuiruka. Mnalipa sawa, mnafanya mtihani sawa, na wengi wanarudia. Halafu kuna mwaka wa kufunzwa kazi kwa ofisi ya mtu, na hapo watu wengine hawalipwi hata nauli. Kama umemaliza pesa yote hapa mwanzo, hapo ndio unakwama. Hapo ndio unachukua kazi yoyote."

"Yaani soko ni moja," mama akasema.

"Ni moja, mama."

Akakunjua vidole vyake. Nikajua amekwisha kuamua, na nikaapa moyoni kwamba sitakubali.

Tuligombana jikoni. Niliongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake. Nilimwambia amenitia aibu mbele ya watu wa kapeti, kwamba anataka nikasome chini ya paa linalovuja kwa sababu ya ushirikina wa viazi. Nikasema nitachukua pesa za baba mdogo, nitamaliza chuo cha vioo kwa miaka minne bila mgomo hata mmoja, kisha nitafanya kazi ninayoitaka. Nani atanizuia?

Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Baba yako mdogo amesema ukimaliza unaenda kufanya kazi wapi?"

"Hajasema."

"Muulize. Wewe kumkatalia si shida kwangu. Lakini kula kwa mtu miaka minne, halafu umfungie mlango ukijua tangu siku ya kwanza, hiyo sikukufundisha."

Nilikwenda nje, nikampigia baba mdogo nikiwa na uhakika kabisa wa kurudi na jibu la kumnyamazisha mama. Nikamuuliza kama nitakapomaliza naweza kuwafanyia kazi watu wanaoumizwa barabarani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wakili wangu, hao si ndio wananimaliza? Niko na kesi tatu saa hii. Kuna mmoja nimemzungusha miaka mitatu, kila siku tarehe, kila siku tarehe, karibu achoke. Wewe ukimaliza utakaa hapa Salgaa, nikupe ofisi, unizungushie wote. Ama unafikiri nasomesha nani?"

Lile lori lililomvunja mguu mama wa karoti halikuwa lake. Lakini nilimwona yule mama akijifunga shuka, nikasikia "tutarudi", na simu ikawa nzito mkononi. Nikamshukuru baba mdogo. Nikamwambia sitaweza. Akasema polepole, "Mfadhili mbuzi umle mchuzi. Binadamu ana maudhi," akakata.

Miaka mitano hakuvuka lango letu. Baba alisema hiyo ni haki yake. Mama aliposema si haki, baba akasema hiyo nayo ni kweli.

Sasa nisije nikadanganya kwamba chuo cha umma kilinilipa wema. Kilinichosha. Mgomo wa kwanza ulikuja kabla sijajua njia ya maktaba. Miaka minne ikawa karibu sita. Nilisoma kesi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nililala na beseni kando ya mto wa kitanda likikinga matone ya paa, na mara moja matokeo yangu ya somo zima yalipotea ofisini, nikaambiwa nithibitishe kwamba nilifanya mtihani. Nilithibitishaje? Nilisimama kwenye dirisha la ofisi hiyo siku tisa. Siku za soko nilikaa kwenye meza ya kambi ya chifu, nikaandika barua za wapangaji waliofungiwa nyumba na wafanyakazi waliofukuzwa bila mshahara, na hiyo ndiyo elimu ninayoikumbuka.

Katika mgomo wa mwaka wa tatu nilikuwa nyumbani nikipalilia viazi na mama, mama wa karoti alipopita njiani na mkongojo wake. Akaniita kwa furaha.

"Kesi yangu iliisha, wakili! Wamenipa fidia, kitu kidogo tu, nikasema wacha. Nilikuwa nimechoka kurudi."

Nikampongeza. Alipopotea kwenye kona nikaketi kati ya mistari ya viazi nikalia kwa sauti. Mimi ndiye niliyepaswa kusimama siku ile kortini na kusema kwamba hatutaki kitu kidogo. Na nilikuwa hapo na jembe, nikingoja watu wakubwa wamalize kubishana kuhusu mishahara. Nilimlaumu mama waziwazi. Hakujitetea. Aliendelea kupalilia upande wangu na wake.

Pesa za viazi tulizobakiza kwa sababu karo ya chuo cha umma ilikuwa ndogo zilinipeleka shule ya uwakili, kama kijana wa malapa alivyotabiri, na zikanivusha mwaka wa kujifunza kazi katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria hapa Nakuru, ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa za mifugo. Nilipoapishwa kuwa wakili, ofisi hiyo ikanibakiza. Mshahara huchelewa. Kochi la wateja limetoboka. Ngazi zinanuka dawa ya kupe.

Na mama hunijia hapo na watu. Kila matokeo ya mitihani yakitoka, analeta mzazi na mtoto kutoka Dundori, bila kupiga simu, nikiwa na wateja kwenye benchi. "Wamekuja kuangalia shina," humwambia karani wetu, naye siku hizi huwakaribisha kama jambo la kawaida. Nimemkataza. Nimemwambia mimi nina kazi, mimi si mmea. Ananiambia hatakawia.

Mwezi uliopita alileta msichana mwenye sweta ya shule na mama yake. Msichana alikuwa na kijitabu mkononi, kile kile cha jengo la vioo, picha mpya tu. Nilichoka ghafla. Nikamwambia nina kesi saa nane, kwa hiyo nitasema upesi, na nikaanza na mabovu, kwa sababu sijui kuanza kwingine. Nikamwambia kuhusu karibu miaka sita. Nikamwambia kuhusu dirisha na siku tisa. Nikamwambia kwamba wanafunzi wenzangu wa shule ya upili wana nyumba, mimi napanga chumba. La nne nikamwambia kuhusu mama wa karoti, jinsi alivyochukua kitu kidogo kwa sababu mimi sikufika kwa wakati. Mama alikuwa dirishani. Nikaona mgongo wake ukitulia.

"Na mazuri?" msichana akauliza.

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu wakati simu yangu ilipolia mezani. Jina lilionekana wazi kwenye kioo: Baba Mdogo. Ile kesi ya saa nane ilikuwa ya mtu wa mkokoteni wa punda aliyevunjwa bega na lori la Salgaa. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba mwenye lori ni baba yangu mdogo, nikampa nafasi ya kutafuta wakili mwingine. Akasema, "Ni anko yako? Basi ni sawa, utajua vile hudanganya." Kwa juma zima baba mdogo alikuwa akipiga, akitaka niombe tarehe nyingine.

Simu ikaendelea kulia. Msichana akaitazama, akanitazama.

"Hushiki?"

"Sishiki."

"Na ni mtu wenu. Hakuna shida?"

"Hakunisomesha," nikasema. "Si lazima."

Ikanyamaza. Ikaanza tena. Mama akageuka kutoka dirishani, akamwambia mzazi mwenzake, "Vibovu vilikuwa vinne. Nilihesabu. Hiki ni kizima." Kisha akaketi kwenye kochi, upande usio na tundu.

Nikaigeuza simu kifudifudi, nikachukua faili na koti, nikawaacha hapo na karani akiwamiminia chai. Mtu wa mkokoteni alikuwa ananingoja chini kwenye ngazi, amevaa shati safi. Akaniuliza kama leo pia tutaambiwa turudi.

"Leo tunaingia," nikamwambia.